Mbio za Magari na Mwili wa Dereva: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Barazani Kwetu Tanga

Jumapili za Formula 1 tunakusanyika Ngamiani, uani kwa jirani mwenye televisheni kubwa. Rali ikija mkoani, tunatoka alfajiri kwenda kusimama kwenye barabara za vumbi za mashamba ya mkonge. Kila safari anakuja mgeni mmoja au wawili, na maswali yao hayaachani sana. Nimeyakusanya hapa, mepesi mbele, ya pembeni nyuma.

## Ya mwanzo kabisa

Dereva si amekaa tu kwenye kiti? Anachoka na nini?

Amekaa, lakini gari halimwachi akae. Akikanyaga breki, mwili wote unataka kuendelea mbele. Akikata kona kulia, unavutwa kushoto. Akikanyaga mafuta, kichwa kinataka kubaki nyuma. Kazi yake ni kuuzuia mwili usiyumbe, na wakati huohuo mikono na miguu yake ifanye mambo ya kupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Panda daladala, simama bila kushika bomba, kisha ngoja dereva akate kona ghafla. Ile nguvu uliyoitumia kwenye mapaja, tumbo na mgongo ili usimwangukie mama wa watu, ndiyo ninayoizungumzia. Kwenye gari la Formula 1 izidishe kama mara kumi, na irudi kila baada ya sekunde chache kwa saa moja na nusu au zaidi. Mbio moja ina kilomita 305 hivi, isipokuwa Monaco ambayo ni 260.

Formula 1 na rali vinatofautiana nini?

Formula 1 ni magari ya kiti kimoja yanayoshindana kwa pamoja kwenye uwanja wa lami. Rali ni gari la muundo wa gari la kawaida, ndani yuko dereva na msoma ramani, na wanakimbizana na saa. Kila gari linaondoka peke yake, linapita kipande cha barabara kilichofungwa, muda wake unaandikwa. Kati ya kipande na kipande, gari hilohilo linapita barabara ya umma pamoja na malori na bodaboda, na linafuata sheria za barabarani kama kawaida.

Kwa mwili, Formula 1 inatesa shingo na mguu wa breki. Rali inatesa mgongo na akili, na inachukua siku nzima, mara nyingi siku tatu mfululizo.

Mbona mimi naona magari yanazunguka tu? Raha iko wapi?

Acha kuangalia gari, angalia mtu. Picha ikihamia kwenye kamera ya ndani ya gari, tazama helmeti: inavyolala kwenye kona, inavyotikisika kwenye tuta la pembeni. Kisha tazama mikono. Usukani unarekebishwa kidogo kidogo hata katikati ya kona, kwa sababu tairi za nyuma zinataka kuserereka na dereva anazirudisha kabla wewe hujaona kitu.

Halafu angalia muda wa kila mzunguko. Dereva mzuri anapita kilomita tano, anarudi, anapita tena, na tofauti ya mzunguko na mzunguko ni sehemu ya kumi ya sekunde. Mgeni akishaliona hilo, kwa kawaida Jumapili inayofuata anakuja mwenyewe bila kuitwa.

Na mafundi usiwasahau. Mwaka 2023 kule Qatar, mafundi wa timu ya McLaren walibadilisha tairi nne kwa sekunde 1.80. Kwetu hapa mtu akiwa bado anatafuta jeki kwenye buti, wao wamemaliza.

## Mwili ndani ya gari

Kwa nini madereva wa Formula 1 wana shingo nene?

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi. Ongeza helmeti, inakuja kilo sita na nusu. Kwenye kona za kasi, kama Copse ya Silverstone, Uingereza, au 130R ya Suzuka, Japani, dereva anavutwa pembeni kwa nguvu inayoweza kufika mara tano ya uzito wake. Kilo sita na nusu mara tano ni kilo 32 na ushei.

Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Basi chukua ndoo moja na nusu, ifunge kamba, itundike kando ya sikio, ikuvute pembeni, na wewe utakiwe kuangalia mbele sawasawa na kuchagua mahali pa kupitisha tairi. Ikishaachia, kona inayofuata inavuta upande wa pili.

Viwanja vingi vinazunguka kwa mwelekeo wa saa, kwa hiyo upande mmoja wa shingo unazoea zaidi. Interlagos ya Brazil na Austin ya Marekani vinazunguka kinyume. Huko ndiko utamwona dereva mwishoni ameegemeza helmeti kwenye ukingo wa gari, shingo imegoma.

Breki za gari la mbio si laini kama za gari jipya?

Hapana, na watu hushangaa sana hapa. Breki ya gari la nyumbani ina kifaa kinachokusaidia, ndiyo maana hata mtoto anaweza kuikanyaga. Dereva wa Formula 1 anaikandamiza pedeli kwa nguvu inayozidi kilo 100. Ni gunia la mahindi, analisukuma kwa mguu wa kushoto peke yake, na kila kona anaanza upya.

Kwenye kona ya kwanza ya Monza, Italia, gari linatoka zaidi ya kilomita 330 kwa saa na kushuka chini ya 100 kwa muda wa kusema "bismillahi". Mguu lazima upige kwa nguvu zote, kisha uanze kulegea taratibu kadiri gari linavyopunguza mwendo, la sivyo tairi zinajifunga na kuteleza. Nguvu ya mbeba mizigo na upole wa fundi saa ndani ya mguu mmoja: mimi hapa ndipo ninaposimama na kupiga makofi.

Na mikono?

Formula 1 ya sasa ina msaada wa usukani. IndyCar, mbio za Marekani za magari ya kiti kimoja, haina, ndiyo maana madereva wake wana mikono ya wavuvi.

Ukitaka kujua mikono inaweza kufikishwa wapi, kuna dereva Ayrton Senna nyumbani kwao Brazil mwaka 1991. Gia zilimharibikia, akamaliza mizunguko ya mwisho akiwa na gia ya sita tu. Alishinda, lakini mabega na mikono vilikuwa vimekaza, akahitaji msaada kutoka garini, na kule jukwaani kikombe alikiinua kwa taabu. Tunaporudia picha hizo uani, huwa pananyamaza.

Moyo wa dereva unapiga kiasi gani?

Mapigo 150 hadi 170 kwa dakika kwa muda mrefu wa mbio, na wakati wa kuondoka yanaweza kupita 180. Ni kama mtu anayekimbia mbio ndefu kwa kasi kweli. Watu hudhani ni woga. Msisimko umo, lakini sababu kubwa ni nyingine: misuli imekazwa muda wote kuuzuia mwili, na joto linaulazimisha moyo kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe. Moyo unahudumia misuli na ngozi kwa pamoja.

Joto linawafanya nini?

Hili sisi watu wa Tanga tunalielewa haraka kuliko wengi. Januari na Februari hapa tatizo letu haliishii kwenye jua, kuna na ule unyevu wa bahari unaofanya jasho likae mwilini bila kukauka. Jasho linapoza pale linapokauka. Likibaki linatiririka tu, mwili unapoteza maji na haupoi.

Sasa mvalishe mtu nguo za ndani zinazozuia moto, juu yake ovaroli ya tabaka kadhaa, soksi ndefu, glavu, kitambaa kinachofunika kichwa chote isipokuwa macho, kisha helmeti. Mkalishe kwenye nafasi inayombana mabega, injini iko nyuma ya mgongo wake, joto la ndani linafika nyuzi 50 au zaidi. Anapoteza kilo mbili hadi tatu za maji kwa mbio moja, na siku mbaya zaidi ya hapo. Maji ya kunywa anayo, anayafyonza kwa mpira mwembamba, lakini baada ya mizunguko michache yanakuwa ya moto kama chai.

Oktoba 2023 kule Qatar mambo yalifika pabaya. Esteban Ocon alitapika ndani ya helmeti akiwa anaendesha, na akaendelea hadi mwisho. Logan Sargeant aliacha mbio kwa kuumwa. Lance Stroll alieleza kwamba fahamu zilikuwa zinamtoka kwenye kona za kasi. Hao ni vijana wanaofanya mazoezi kila siku ya Mungu.

Baada ya hapo FIA, wasimamizi wa mchezo huu duniani, walitengeneza kanuni iliyoanza kutumika 2025. Kipimo cha joto na unyevu kikitabiriwa kupita nyuzi 31, mbio zinatangazwa kuwa za hatari ya joto na magari yanalazimika kufungwa mfumo wa kupoza fulana ya dereva kwa maji baridi. Singapore 2025 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutangazwa hivyo. Singapore, kama Tanga, iko jirani na ikweta na kando ya bahari, na hata mbio zikifanyika usiku, unyevu hauendi kulala.

Wanapumua na kupepesa macho saa ngapi?

Kwenye kona kali wengi huzuia pumzi, maana kifua kimebanwa na tumbo limekazwa. Wanapumua kwenye barabara iliyonyooka. Kupepesa nako kuna mpangilio: watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2023 matokeo yanayoonyesha kwamba madereva walipepesa macho mahali palepale pa uwanja, mzunguko baada ya mzunguko. Kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa, kufumba jicho kwa sehemu ya tano ya sekunde ni mita zaidi ya 16 za kutoona kitu.

## Rali

Msoma ramani anafanya nini hasa? Si angekaa nyumbani gari liwe jepesi?

Bila yeye dereva ni kipofu. Siku chache kabla ya rali wawili hao wanapita barabara kwa mwendo wa polepole. Dereva anatamka anachokiona, msoma ramani anaandika. Wengi hutumia namba kueleza ukali wa kona. Siku ya mbio msoma ramani anasoma: "Kulia nne, mita hamsini, kushoto mbili, usikate, jiwe ndani." Dereva anaingia kwenye kona asiyoiona, vumbi limetanda na mkonge umeziba kila upande, kwa kuamini sauti hiyo tu.

Mwilini, msoma ramani anapata mitikiso yote ya dereva, ila bila usukani wa kushika na bila kuiona barabara, kwa sababu macho yako kitabuni. Anaijua barabara kwa makalio: anahisi gari limepita tuta gani, anafungua ukurasa. Kichefuchefu ni adui yake wa kila siku. Isitoshe yeye ndiye mwenye saa. Wakichelewa kwenye kituo cha ukaguzi wanaadhibiwa, na wakiwahi pia wanaadhibiwa.

Barabara mbaya inaumiza wapi?

Mgongo kwanza. Shokapu za gari la rali ni za ajabu, lakini gari linaporuka na kutua, uzito wote unapita kwenye kiti kwenda kwenye uti wa mgongo. Mikanda inambana mabegani mpaka ngozi inachubuka. Na tairi likipasuka katikati ya kipande hakuna fundi wa kuja: wanashuka wawili, jeki, bolti, spea, wanafunga, wanaondoka, dakika moja na nusu hadi mbili kwa waliojizoesha. Kisha dereva anashika tena usukani akiwa anahema, na kona ya kwanza haimsubiri apate pumzi.

Mwaka mmoja nilisimama upande wa Muheza, pale kipande kinapoishia. Gari lilisimama, kioo kikashushwa kidogo, msoma ramani akatoa kadi yake kwa mpokea muda. Dereva alivua glavu kwa meno. Viganja vilikuwa vyeupe na vimejikunja kama vya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi. Alipewa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Akanywa nusu, iliyobaki akajimwagia shingoni, na mkono ulioshika chupa ulikuwa unatetemeka. Kipande alichotoka kilikuwa cha dakika kumi na kitu tu. Walikuwa wamebakiwa na vinne.

Ni kweli Safari Rally ilikuwa inapita kwetu?

Ndiyo, nchi yetu ilikuwamo tangu mwanzo. Rali hiyo ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikabaki Kenya. Ilikuwa kwenye ubingwa wa dunia kuanzia 1973 hadi 2002, ikarudi 2021 huko Naivasha.

Ya zamani ilikuwa ya maelfu ya kilomita, usiku na mchana, usingizi wa kuibia. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1968 tena saba. Na mara zote mbili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wazee wetu waliosimama kandokando ya barabara miaka ya sitini wanayasimulia magari yaliyozama kwenye tope mpaka milangoni, na madereva waliosukuma kwa mabega.

Rali ikija, tusimame wapi?

Juu ya barabara, si chini yake. Ndani ya kona, si upande wa nje, kwa maana gari likishindwa kukata linaelekea nje. Usivuke mkanda palipokatazwa kwa sababu tu wengine wamevuka. Usiligeuzie mgongo gari linalokuja. Filimbi ikipigwa, shika mtoto mkono.

Ureno mwaka 1986 gari liliacha njia likaingia kwenye watu, watatu wakafa na wengi wakajeruhiwa. Mwaka huohuo uliamuliwa magari ya kundi lile, Group B, yaliyokuwa na nguvu kupita kiasi, yasirudi tena msimu uliofuata. Mimi mwenyewe nilipigwa na jiwe la tairi kwenye ugoko nikiwa nimesimama nje ya kona. Kovu ninalo, na sisimami tena hapo.

## Maswali ya pembeni

Wanawake wanaweza?

Wameshaweza. Michèle Mouton wa Ufaransa alishinda rali ya ubingwa wa dunia Sanremo mwaka 1981, na mwaka 1982 akashinda Ureno, Ugiriki na Brazil, akawa wa pili duniani nyuma ya Walter Röhrl. Msoma ramani wake alikuwa Fabrizia Pons, naye mwanamke. Barabara za Ugiriki ni mawe matupu, kwa hiyo anayesema mwili wa mwanamke hauhimili arudi asome jibu la barabara mbaya hapo juu, kisha atuambie.

Mwisho umri gani?

Andrea Kimi Antonelli alianza Formula 1 mwaka 2025 akiwa na miaka 18, na kwenye mstari uleule wa kuanzia alikuwapo Fernando Alonso aliyezaliwa 1981. Sébastien Loeb alishinda rali ya Monte Carlo 2022 akiwa na miaka 47. Uzee unagusa shingo na kupona. Kusoma barabara kunazidi kukomaa.

Dereva lazima awe mwembamba?

Zamani ilikuwa karibu lazima, na warefu walijinyima chakula ili gari lisiwe zito. Tangu 2019 dereva pamoja na kiti chake vina uzito wa chini wa kilo 80, na 2025 ukapandishwa hadi 82. Akipungua, gari linaongezewa uzito. Sasa wanakula.

Mtu aliyefunga Ramadhani anaweza kushindana?

Swali hili Tanga halikosekani. La kifiqhi ni la masheikh, muulize wako. La kimwili, tazama jibu la joto: ni kilo mbili, tatu za maji, mchana, bila kurudishiwa. Upungufu wa maji unagusa umakini kabla ya kugusa misuli, na kwenye gari hilo yumo na msoma ramani ambaye roho yake iko mikononi mwako. Azungumze na daktari mapema, na mwenzake aambiwe.

Dereva wa basi la Tanga hadi Dar si naye mwanariadha, basi?

Kazi yake naiheshimu, lakini ni ya aina nyingine. Yeye adui yake ni usingizi na kuzoea njia. Hata kwenye mbio usingizi una sheria: Le Mans, mbio za Ufaransa, ni za saa 24, gari moja lina madereva watatu, na hakuna anayeruhusiwa kuendesha zaidi ya saa nne ndani ya saa sita wala zaidi ya saa 14 kwa jumla. Hao ni mabingwa, na bado hawaachiwi wajiamulie. Na kwa anayetaka kujaribu kona za Soni akishuka Lushoto kwa mwendo wa mbio: barabara ile haijafungwa, kuna mtoto anatoka shule.

Wanasalimikaje kwenye ajali kubwa?

Shingo tena. Tangu 2003 kila dereva wa Formula 1 anavaa kola ngumu ya mabegani iliyofungwa na helmeti, ili gari likigonga kichwa kisichomoke kwenda mbele. Mwaka 2018 ikaongezwa halo, ule upinde juu ya kiti ambao wengi waliuchukia kwa sura yake. Novemba 2020 huko Bahrain, Romain Grosjean aligonga chuma cha pembeni kwa kilomita 192 kwa saa, gari likakatika vipande viwili na kuwaka. Alikaa motoni karibu nusu dakika, akatoka kwa miguu yake, mikono imeungua.

Mwanangu anataka kuanza. Tufanye nini hapahapa Tanga?

Leseni na utaratibu wa mashindano uko kwa Chama cha Magari Tanzania, AAT, anzia huko. Gari ni ghali, lakini mlango wa kuingilia si gari. Ajitolee kwenye timu kuosha tairi na kushika spana, ajifunze kuwa msoma ramani. Dada au kaka, wote.

Mwili aanze leo. Kukimbia Raskazone saa kumi jioni joto likiwa bado lipo, si alfajiri kila siku, ili mwili ujue kutoa jasho. Kuogelea kwa ajili ya mabega na pumzi. Kwa shingo, asitundike uzito wowote kichwani: akae wima, mwenzake amwekee kiganja kando ya kichwa na kusukuma polepole, yeye azuie kichwa kisisogee, hesabu ya kumi, kisha upande wa pili, kisha mbele na nyuma. Shingo ikiuma siku ya pili, apumzike.

Na kwa usomaji, apande siti ya mbele ya gari la mtu anayeendesha kwa utulivu kwenda Pangani, na daftari. Aandike kila kona. Wakati wa kurudi afungue daftari aisome kwa sauti, akiwa ameinamisha kichwa muda wote, bila kuangalia nje.